Kiatu cha Kushoto cha Mwalimu Gwakisa

Usiku wa jana, nikiwa nimelala na kalamu mkononi, niliota bahasha inakohoa.

Ilikuwa bahasha ile ile ya kaki niliyoiacha mezani, sebuleni kwetu Tukuyu, karibu na bakuli la maparachichi la Mama. Ilikohoa mara mbili, kama mgeni anayebisha bila kutaka kusumbua, kisha ikasema:

"Dada Tusekile, kiasi gani?"

"Sijaamua bado," nikasema.

"Basi nifunge."

"Siwezi kukufunga kabla sijaweka kitu ndani."

"Nimekaa mdomo wazi tangu saa mbili. Hapa kwenu kuna baridi. Nitapata mafua, halafu kesho utampa Mwalimu bahasha yenye mafua."

Niliona ina hoja. Hata ndotoni nilikumbuka vizuri kwa nini bahasha ile ilikuwa mezani.

Mdogo wangu Subilaga yuko kidato cha nne. Mwezi wa saba alileta nyumbani jaribio la hisabati lenye kumi na moja kwa mia, kwa wino mwekundu. Mama alilitazama kwa muda, akasema siyo mbaya sana, ni zaidi ya kumi. Mimi nikaenda kumtafuta Mwalimu Gwakisa, kijana aliyesomea ualimu wa hisabati na ambaye huu ni mwaka wa tatu anasubiri ajira. Siku ya kwanza alivua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kochi, akauliza kwa sauti ndogo kuhusu utaratibu. Na mimi, niliyemaliza chuo mwaka jana tu na bado naamini mambo mengi, nikamjibu kwa moyo mweupe kabisa:

"Mwalimu, elimu haina bei."

Alitazama soksi zake. "Kweli, dada," akasema.

Mama akamalizia: "Wewe ni mtoto wa hapa hapa. Hatutashindwana."

Kwetu, mtu akishaambiwa hatutashindwana, kutaja kiasi ni kama kumtukana mwenye nyumba. Hakutaja. Akaanza kufundisha. Kila Jumatano na kila Jumamosi anavua viatu, anafundisha saa mbili, anakula anachowekewa na Mama, anaambiwa asante sana Mwalimu, anaondoka. Imefika mara kumi na sita. Subilaga sasa anapata thelathini na nane, na mtihani wa taifa umebaki wiki kumi.

Jana jioni Subilaga alirudi na habari. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi anamtaka Mwalimu Gwakisa awafundishe pacha wake, Jumatano na Jumamosi, siku zetu zile zile.

"Amemtajia kiasi, dada," Subilaga alisema. "Hadharani. Mbele ya mifuko ya saruji."

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema atampelekea jibu kesho, akitoka kwetu."

Mama aliacha kumenya ndizi. "Mwekeeni elfu kumi kwenye bahasha, na mkungu mmoja."

"Mama, amekuja mara kumi na sita."

"Basi mikungu miwili."

Nilikuwa na elfu arobaini mpaka mshahara utoke. Nilitaka kupata kiasi ambacho hakitamdhalilisha Mwalimu na ambacho tutaweza kukirudia mwezi ujao na mwingine, mpaka mtihani. Niliandika namba nikaifuta, nikaandika nyingine nikaifuta, mpaka karatasi ikatoboka. Kwa hiyo nililala na kalamu.

"Nenda katafute bei," bahasha ikaniambia. "Ila uwahi. Ameshatoka kwake."

Nikachungulia dirishani. Ng'ambo kabisa, kwenye barabara ya mashamba ya chai, Mwalimu Gwakisa alikuwa anakuja. Alikuwa na ukubwa wa nukta.

"Anatembea haraka?" nikauliza.

"Kawaida. Lakini hii ni ndoto, hatuna uhakika na umbali."

Nikafungua kabati la vyombo kuchukua kadigani yangu, nikajikuta sokoni.

Ni soko la kawaida, lina matope ya kawaida. Mama mmoja mnene ameketi juu ya kreti, amefunga kitenge cha miraba ambayo ukiihesabu inaongezeka. Mbele yake amepanga mafungu kama ya nyanya, lakini si nyanya.

"Karibu, mwanangu," anasema. "Mimi naitwa Elimu. Kuna pembetatu mbichi, zimeingia asubuhi hii. Kuna sehemu pia, hizi zimevunjika kidogo lakini ndivyo zilivyo."

"Fungu la logarithimu unauzaje?"

"Halina bei."

"Basi nipunguzie kidogo."

"Nikupunguzie kutoka wapi?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ndefu. Mwanaume aliyekuwa mbele ya foleni amekaa hapo muda mrefu kiasi kwamba amepanda mahindi kuzunguka miguu yake, na mahindi yameshatoa ndevu.

"Tunasubiri bei," akanieleza kwa utulivu. "Mtu huwezi kununua kitu ambacho hakina bei. Utalipa nini? Na ukichukua bila kulipa, utamtazamaje huyu mama kesho?"

"Nani aliziondoa bei?"

Foleni nzima ikanigeukia. Hawakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Dada mmoja wa Tukuyu," akasema Mama Elimu. "Mwenye kadigani ya bluu."

Nikaitazama kadigani yangu. Ilikuwa ya bluu.

"Nadhani alikuwa na nia njema," nikasema.

"Wote tunasema hivyo. Huu mwezi wa pili sijauza hata pembetatu moja. Nakula zile zinazotaka kuharibika. Jana nimekula robo tatu, na robo tatu haishibishi, unabaki na njaa ya robo."

Nikamwomba msamaha. Akasema hamna neno, lakini bei hazirudi kwa msamaha. Bei zinapangwa ofisini, kwenye MAGAZIJUTO, na nikifika nifuate utaratibu kama nilivyofundishwa shuleni: mabano kwanza, halafu kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, na kutoa mwishoni. Kisha, ingawa sikununua kitu, akaniwekea pembetatu moja ndogo mkononi.

"Ya nini, mama?"

"Nyongeza," akasema. "Soko bila nyongeza ni ghala."

Soko likakunjwa kama jamvi, na nikawa nimesimama kwenye korido ya ofisi yenye madirisha. Mlangoni walikuwa walinzi wawili waliopinda migongo, wanatazamana, tumbo la huyu linaangalia tumbo la yule. Niliwatambua mara moja. Walikuwa Mabano.

"Shikamooni," nikasema. "Nimekuja kuuliza bei ya mwalimu wa hisabati."

"Ndani kwanza," wakajibu pamoja.

"Nina haraka kidogo, ameshatoka kwake."

"Ndani kwanza."

Nikaingia katikati yao. Ndani kulikuwa na meza yetu ya nyumbani, na Mama, na Mwalimu Gwakisa akiwa na soksi. Mwalimu mwingine alikuwa bado njiani, nilimwona kupitia dirisha la ofisi, sasa ana ukubwa wa punje ya mchele. Sikushangaa. Mtu anaweza kuwa ndani ya mabano na nje pia.

"Mwalimu, ongeza ndizi," Mama anasema.

"Nimeshiba, mama. Asante."

"Umeshiba nini na hujagusa?"

"Nimegusa, mama."

"Kule ni kuonja."

Kila Mwalimu akimeza ndizi, Mama anaandika ukutani kwa mkaa: ndizi moja, malipo. Mwalimu anafungua mdomo kusema kitu. Kila anapoufungua, Mama anaona nafasi ya ndizi na anaiweka. Mwalimu anatafuna polepole, kwa adabu, huku maneno yamerudi kooni kusubiri.

"Mama," nikasema, "anataka kusema kitu."

"Anataka kula. Namjua."

"Mama, tazama uso wake."

"Uso wa mtu mwenye njaa, Tuse. Unafikiri miezi yote hii nalisha nani?"

Alisema hivyo kwa upendo mkubwa, na ndizi zilikuwa nzuri, zimepikwa na maziwa. Sikuweza kumkasirikia.

"Jibu la mabano?" walinzi wakaniuliza nilipotoka. Nikahesabu mistari ya ukutani.

"Ndizi sitini na nne."

"Andika. Nenda kwenye kugawanya."

Kwenye dirisha la kugawanya kulikuwa na karani aliyevaa miwani na koti jeupe, ameshika panga lililonolewa vizuri. Akaniomba mshahara. Nikapekua mfukoni, nikatoa mbuzi. Alikuwa mbuzi mdogo, mwembamba, mwenye haya.

"Huyu ndiye mshahara wako?" karani akauliza.

"Ni wa mkataba. Wa miezi sita."

"Mkataba umemkondesha."

"Usimseme mbele yake," nikasema, kwa sababu mbuzi alikuwa ameinamisha masikio.

"Hamna shida," mbuzi akasema. "Nimezoea. Kila tarehe ishirini na nane."

Karani akaanza kugawanya. Halikuwa jambo la kutisha, hakukuwa na damu, kila kipande kiliondoka kwa miguu yake. Paja likaenda kulipa umeme na maji. Paja lingine likaenda kwenye ada ya Subilaga, linachechemea. Mbavu zikaondoka kwenda dukani kwa unga na sabuni. Kichwa kikasema kwaherini, kikaenda kulipa mchango wa harusi ya binamu yetu ambayo hata hatujui kama itafanyika. Mezani ukabaki mkia.

"Elfu arobaini," karani akasema. "Baki ni mkia. Dirisha linalofuata, kuzidisha."

Nikauchukua mkia. Ulikuwa bado unatikisika, una matumaini.

Kwenye dirisha la kuzidisha hapakuwa na karani. Palikuwa na bwana mmoja mnene, mviringo kabisa, mwenye sauti laini. Amevaa suti ambayo haina mwanzo wala mwisho. Akasimama kunipokea kama tunafahamiana.

"Karibu sana, dada Tusekile. Mama hajambo? Subilaga?"

"Hawajambo. Samahani, sikukumbuki."

"Mimi ni Sifuri. Nakaa kwenu tangu mwezi wa saba. Kile kiti cha karibu na friji."

"Kile ambacho hakuna mtu anakikalia?"

"Ndiyo maana nakipenda." Akafungua daftari lake, kurasa zote zilikuwa nyeupe. "Mimi ndiye ninayeandaa malipo ya Mwalimu wenu. Mpaka sasa mmemlipa 'asante sana Mwalimu' kumi na sita. Na 'Mungu akubariki' tisa. Nimezipokea zote, nimezikumbatia moja moja."

"Na zikawa ngapi?"

Alinitazama kwa huruma. "Dada, wewe umesoma."

Kwa kweli tulimshukuru kwa dhati kila mara. Mimi mwenyewe nilimsindikiza mpaka getini, nikamwambia kwamba nchi hii inahitaji watu kama yeye. Niliyaamini maneno hayo. Nilimwuliza Sifuri kama nayo aliyakumbatia.

"Hayo yalikuwa matamu sana," akasema. "Haya, nipe mkia nao niukumbatie, tumalize kazi."

Akapanua mikono. Alikuwa na joto zuri, kama la mtu anayekuambia usijali, na nilijikuta nasogea. Mkia ukajificha nyuma ya mgongo wangu. Hapo nikakumbuka nyongeza ya Mama Elimu. Nikaitoa ile pembetatu ndogo, nikaishika kati yetu. Kona yake ikamgusa Sifuri tumboni.

"Ina kona," akasema, akarudi nyuma kwa mshangao.

"Samahani."

"Hamna neno. Ni kwamba mimi sina." Akaketi, akaanza kujipangusa. "Basi pitia kujumlisha. Lakini naona kama hayupo."

Kweli, dirisha la kujumlisha lilikuwa limefungwa. Lilibandikwa karatasi: Nimetoka kidogo, narudi sasa hivi. Karatasi yenyewe ilikuwa imeshageuka njano, na buibui ameweka nyumba kwenye herufi ya mwisho.

Nje, Mwalimu Gwakisa alikuwa ameshakuwa na ukubwa wa kidole gumba.

Nikatoka mlango wa nyuma na nikajikuta mtoni. Daraja lilikuwa mbao mbili zilizolazwa sambamba, zenye urefu mmoja, hazigusani. Kibao kilisema: HII NI ALAMA YA SAWASAWA. ANAYEVUKA ABADILI ALAMA.

Kanuni hiyo naijua. Mwalimu Gwakisa humwambia Subilaga kila Jumatano: kitu kikihamia upande wa pili, kilichokuwa cha kujumlisha kinakuwa cha kutoa, na cha kutoa kinakuwa cha kujumlisha. Nikafikiri: mimi ni mlipaji, sasa itakuwaje? Nikavuka.

Upande wa pili kunanyesha. Nipo kwenye barabara ya mashamba ya chai, nimebeba bahasha ya plastiki yenye mitihani ya zamani, na miguu yangu imeingia kwenye viatu vikubwa vyeusi. Mbele kabisa naona nyumba yetu. Ina ukubwa wa nukta.

"Usikanyage kwa kisigino," sauti inasema kutoka chini. "Kisigino tunakitunza kwa ajili ya usaili wa kazi."

Ni kiatu cha kushoto.

"Samahani. Sikujua."

"Utajuaje, wewe hufika mlangoni tu. Kanyaga kwa katikati. Hapo kuna tundu, lakini ameniwekea karatasi."

Nasikia kweli kitu kimekunjwa chini ya unyayo. "Karatasi gani?"

"Jaribio la kwanza la mdogo wako. Lenye kumi na moja. Alisema atalitembelea mpaka ile namba ifutike. Saa moja na robo kuja, saa moja na robo kurudi. Imeshaanza kufifia."

Maji ya dimbwi yakaingia. Yalikuwa ya baridi ya huku kwetu, unaijua baridi ya mashamba ya chai. Nikagundua kwamba mdomo wangu unasema kitu wenyewe, tangu nilipovuka, polepole, kwa kufuata hatua: dada, naomba tuongelee suala la malipo. Dada, naomba tuongelee suala la malipo.

"Ndivyo hufanya njia nzima," kiatu kikasema. "Ameifanyia mazoezi. Zamani ilikuwa inaanza na 'samahani kwa usumbufu,' akaona ni ndefu."

"Lakini hajawahi kusema."

"Atasemaje? Akifika kwenu anatuvua. Na maneno anayaacha humu ndani. Nyie mkisema asante sana Mwalimu, sisi tuko nje na maneno yote. Yapo kumi na sita. Yananibana vidole."

"Na kiatu cha kulia?"

"Huyo anatunza madai ya nyuma. Hajawahi kuongea."

Nikakitazama cha kulia. Kilikuwa kimya, kimefungwa kamba vizuri.

Nyumba yetu ilikuwa imekua, sasa ina ukubwa wa kiberiti. "Kiatu," nikasema, "naomba unisaidie. Mwalimu anastahili kiasi gani?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni kiatu."

"Tafadhali."

"Najua namba moja tu. Arobaini na mbili. Imeandikwa kwenye soli."

Nilitaka kumwambia kwamba hicho ni kipimo cha mguu, lakini tulikuwa tumefika. Nikabisha hodi. Nikainama, nikavua cha kushoto, nikavua cha kulia, nikavipanga ukutani. Mlango ukafunguliwa na Tusekile, yaani mimi, nikiwa na kadigani ya bluu na uso uliojaa nia njema.

"Karibu sana, Mwalimu," nikaniambia. "Elimu haina bei."

Nikafungua mdomo. Hakukuwa na kitu ndani. Nilitafuta chini ya ulimi, nikatafuta kooni, hata neno dada halikuwepo. Tusekile alikuwa anangoja huku anatabasamu, na nyuma yake Mama ameshaishika ndizi. Miguu ilikuwa baridi. Nikatazama soksi zangu. Ya kushoto imelowa.

"Kweli, dada," nikasema.

Bahasha ikapiga chafya.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha kabisa, saa nne kasoro. Bahasha ilikuwa mezani, mdomo wake umelowa kidogo, lakini Tukuyu kila kitu hulowa. Sikutaka kuipa umuhimu. Jikoni Mama alikuwa anachemsha ndizi, na Subilaga anachora mistari kwenye daftari akijifanya hana wasiwasi.

"Umeandika ngapi, dada?" akaniuliza.

"Bado."

"Mwenye saruji hakuchukua hata dakika."

Hodi ikasikika. "Karibu, Mwalimu," tukasema wote. Mwalimu Gwakisa akaingia na soksi, amebeba mitihani yake ya zamani kwenye bahasha ya plastiki. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Pole na mvua." Akaketi ukingoni mwa kochi. Soksi ya kushoto ilikuwa imelowa, ikaacha alama sakafuni.

Nikasema nakwenda kuangalia kama nguo zimelowa. Nikatoka.

Viatu vilikuwa vimepangwa ukutani. Najua si tabia njema kuchunguza kiatu cha mgeni. Nikainama, nikaingiza vidole viwili kwenye cha kushoto, nikatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa. Nikaifungua taratibu. Juu kulikuwa na jina la Subilaga kwa mwandiko wake wa kulalia upande. Pembeni, kwa wino mwekundu, palikuwa na moja. Moja ya pili ilikuwa imeshafutika.

Niliikunja vilevile, nikairudisha. Kwenye soli, sehemu ambayo haijalika, ilisomeka arobaini na mbili.

Nikarudi ndani. Mama alikuwa anatoka jikoni na sahani.

"Mama, naomba usubiri kidogo."

"Zitapoa."

"Zipoe."

Mama akasimama. Sidhani kama nimewahi kumwambia hivyo. Nikakaa mbele ya Mwalimu, siyo pembeni.

"Mwalimu, siku ya kwanza nilisema elimu haina bei. Nilikosea. Yako inayo. Naomba uitaje wewe mwenyewe, leo, kabla hujaenda kumjibu mama wa dukani."

Rula ya Subilaga ikaanguka. Mwalimu akatazama soksi zake. Akafungua mdomo, ukakaa wazi kwa muda, na Mama akanitazama, akaitazama sahani, lakini hakusogea. Hakuna kilichotoka.

"Samahani, dada," hatimaye akasema. "Naomba nivae kiatu."

Hakuna aliyecheka. Akainuka, akaenda mlangoni, akaingiza mguu kwenye kiatu cha kushoto bila kufunga kamba. Akasimama hapo, mguu mmoja nje, mwingine kwenye mkeka. Sauti yake ilikuwa tofauti, ilikuwa na sakafu ya kusimamia.

"Dada, naomba tuongelee suala la malipo. Ni elfu arobaini na mbili kwa mwezi, mara mbili kwa wiki kama ilivyo sasa. Arobaini ni ya kufundisha. Mbili ni ya fundi viatu, kila mwezi, kwa sababu ya njia."

"Na wa saruji?" Subilaga akauliza kabla sijamzuia.

"Yeye nitamwomba Jumatatu na Ijumaa. Nilichotaka ni kujua tu kama Jumatano na Jumamosi zina mwenyewe." Akamgeukia Subilaga. "Na wewe una thelathini na nane. Nataka nikuone kwenye sitini. Pacha wameshafika."

Nikatia elfu arobaini kwenye bahasha. Nikamtazama Mama. Mama akaweka sahani chini, akafungua fundo la kanga yake, akatoa elfu mbili zilizokunjwa ndogo kama dawa, akazinyoosha juu ya goti, akaniletea.

"Na ndizi je?" akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Hutaki tena ndizi zangu?"

"Nazipenda, mama," Mwalimu akasema. "Ila nne kila ninapokuja ni nyingi."

Mama akahesabu ndizi za sahani kwa macho. Akapunguza mbili, akazirudisha jikoni.

Nikaifunga bahasha. Haikukohoa. Nikampelekea pale pale mlangoni, akaipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. Lilikuwa jambo dogo sana, na moyo wangu ulikuwa umejaa, nikaona nisiliache nusu.

"Na ile miezi miwili iliyopita, Mwalimu?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Akautazama mguu wake wa kulia, ule wenye soksi peke yake.

"Hiyo, dada," akasema, "tuiongelee nikishavaa na cha kulia."

Nikatoka nje kumletea.